Uanze dawa ya mifupa au usianze? Namna ya kuamua ukiwa unaogopa madhara yake

Boksi la dawa lilikaa kwenye droo karibu na kitanda changu miezi minne bila kuguswa. Vidonge vinne, kimoja kwa wiki. Siku ile ya kwanza nilitoa karatasi ya maelezo, nikaikunjua juu ya shuka, na kabla sijafika nusu macho yakatua kwenye maneno "kufa kwa mfupa wa taya". Nikaikunja upya, haikukubali kurudi kwenye boksi, nikafunga droo hivyo hivyo. Kila usiku nilijiambia kwamba bado natafakari. Kumbe nilikuwa nimeshaamua kutotumia dawa, ila niliamua bila kupima chochote.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepewa dawa ya kuimarisha mifupa na ambaye moyo wake unasita. Hauchukui nafasi ya daktari wako. Nia yake ni uende kwake na maswali yanayojibika, na ukitoka hapo uamuzi uwe wako kweli.

Hatua ya 1: Ipe hofu yako jina

"Naogopa madhara" ni maneno ambayo hakuna daktari anayeweza kuyajibu. Chukua karatasi uandike unachokiogopa hasa. Ni kiungulia? Ni taya? Ni ile habari ya mfupa wa paja kuvunjika wenyewe? Ni homa baada ya dripu? Ni kufungwa na dawa hadi kufa? Au ni jirani aliyekuambia dawa hizi zilimmaliza?

Kila hofu ina jibu lake, na mara nyingi inahusu dawa moja, haihusu zote. Anayeogopa kiungulia anaweza kupewa dawa ya dripu, ambayo haipiti kooni wala tumboni. Mimi niliandika mambo mawili tu: taya, na neno "milele". Nilipoyaona yamekaa kwenye karatasi, nilijua walau natakiwa kuuliza nini.

Hatua ya 2: Jua mfupa wako umefikia wapi

Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa DEXA. Unalala juu ya kitanda cha mashine dakika chache, inapiga picha ya nyonga na kiuno kwa mionzi kidogo sana, kisha unapewa namba inayoitwa alama T. Inalinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya. Alama ya -1 kwenda juu ni ya kawaida. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umeanza kupungua. Ikiwa -2.5 au chini ya hapo, huo ndio ugonjwa wenyewe, osteoporosisi, yaani mifupa kudhoofika hadi kuvunjika kirahisi.

Usiishie kwenye namba hiyo. Wanawake wawili wenye alama ileile wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Mwenye umri wa miaka 78 aliyewahi kuvunjika mkono kwa kujikwaa tu hayuko sawa na wa miaka 56 ambaye hajavunjika popote. Ndiyo maana mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, kilitoa kikokotoo kiitwacho FRAX. Kinauliza umri, uzito, urefu, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, kama unavuta sigara, unakunywa pombe kiasi gani, kama umetumia dawa za steroidi kama prednisoloni, kama una baridi yabisi ya kingamwili. Kisha kinakupa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Ni cha watu wa miaka 40 hadi 90. Kwa mfano, miongozo ya Marekani hupendekeza dawa kwa mwenye mfupa uliopungua ikiwa uwezekano wa nyonga kuvunjika umefika asilimia 3, au wa mifupa mikubwa kwa jumla umefika asilimia 20. Nchi nyingine zina vipimo vyao.

Kuna jambo moja ambalo fomu ya kawaida ya FRAX haiulizi: umeanguka mara ngapi mwaka huu. Mwambie daktari mwenyewe. Mwambie pia kama umepungua kimo. Sentimita 4 au zaidi zinaweza kuwa dalili kwamba pingili ya mgongo imebonyea bila wewe kujua, maana pingili nyingi huvunjika kimyakimya, mtu akadhani ni mgongo wa uzee. Ikiwa una shaka, omba picha ya mgongo. Pingili iliyovunjika inabadilisha hesabu yote.

Omba vilevile wachunguze kama kuna kitu kingine kinachokula mfupa: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu mkubwa wa vitamini D, au dawa unazotumia kwa ugonjwa mwingine. Haina maana kuongeza maji kwenye mtungi ambao hujaangalia unavujia wapi.

Hatua ya 3: Weka hatari zote mbili kwenye mizani moja

Hapa ndipo nilipokuwa nimekosea. Nilipima dawa kana kwamba nisipoimeza nabaki salama. Anayekataa dawa hajatoka kwenye hatari. Amechagua kubaki na ile ya mfupa wake, na hiyo haina karatasi ya maelezo ndani ya boksi.

Mama yangu alivunjika nyonga alfajiri moja akitoka kitandani kwenda msalani. Hakuanguka kutoka juu, hakugongwa na kitu. Aliteleza akakaa chini, basi. Alipasuliwa, mfupa ukaunga. Lakini mama aliyekuwa akitoka na kurudi mwenyewe akaanza kungoja mkono wa mtu hata kufika mlangoni, akawa anaoga saa ambayo sisi tumepata nafasi. Hilo ndilo lililokuwa upande wa pili wa mizani, na mimi nilikuwa nimelisahau kabisa kwa sababu ya neno taya.

Kwa wazee, mtu mmoja kati ya watano, au zaidi, hufariki ndani ya mwaka mmoja baada ya kuvunjika nyonga, na wengi wanaobaki hawarudii kutembea kama zamani. Kisha, mfupa ukishavunjika mara moja, miaka miwili inayofuata ndiyo yenye hatari kubwa ya kuvunjika tena.

Dawa inapunguza hayo kwa kiasi gani? Jaribio moja lililochapishwa mwaka 1996 lilihusu wanawake 2,027 waliokuwa tayari na pingili iliyovunjika. Wapo waliopewa alendroneti, mojawapo ya vidonge vya mifupa, na wapo waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya takriban miaka 3, pingili mpya zilikuwa zimevunjika kwa wanawake 15 kati ya kila 100 wasiopata dawa, na 8 kati ya kila 100 walioipata. Kwa nyonga, walikuwa 22 kati ya 1,000 wasiopata dawa na 11 kati ya 1,000 walioipata.

Soma namba hizo za mwisho mara mbili. Anayeisifia dawa atakuambia inapunguza kuvunjika nyonga kwa nusu, na ni kweli. Anayeiogopa atakuambia waliookolewa nyonga ni 11 tu katika 1,000, na hilo nalo ni kweli. Hao walikuwa wanawake wenye hatari kubwa. Ikiwa hatari yako ni ndogo, faida yako itakuwa ndogo zaidi, wakati madhara hayapungui kwa ajili yako. Kwa hiyo usikubali jibu la "inapunguza kwa asilimia fulani" peke yake. Uliza hivi, neno kwa neno ukitaka:

"Daktari, kati ya watu 100 walio kama mimi, wangapi watavunjika ndani ya miaka 10 bila dawa, na wangapi wakitumia dawa?"

Nilipouliza swali hilo, daktari wangu aliweka kalamu chini, akageuza kioo cha kompyuta tukatazama pamoja. Ni mara ya kwanza tulizungumza, siku zote nilikuwa naambiwa.

Hatua ya 4: Chukua hofu moja moja

*Tumbo na kiungulia.* Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi kuhusu vidonge vya jamii ya bisifosfoneti, kama alendroneti na risedroneti. Kidonge kikikwama kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kinauchubua. Mara nyingi kinga ni namna ya kumeza, na nitaieleza mwishoni. Katika jaribio lile la 1996, malalamiko ya tumbo yalikuwa karibu sawa kwa waliomeza dawa na waliomeza vidonge vitupu. Maana yake sehemu ya kiungulia tunachoilaumia dawa tungekipata hata bila dawa. Lakini ikiwa una tatizo la umio lenyewe, chakula hukwama, au huwezi kukaa wima nusu saa, vidonge hivi si vyako, na usikubali kulazimishwa.

*Taya.* Sehemu ya mfupa wa taya hubaki wazi bila kupona, hasa baada ya kung'olewa jino. Kwa dozi za osteoporosisi, makadirio ni kati ya mtu 1 na watu 10 katika kila 100,000 kwa mwaka. Habari nyingi za kutisha zinatoka kwa wagonjwa wa saratani, ambao hupewa dozi kubwa zaidi tena mara kwa mara: dripu ambayo mtu wa mifupa anapata mara moja kwa mwaka, wao wanaweza kuipata kila mwezi. Hakuna aliyeniambia tofauti hiyo. Miezi yangu minne yote ilikuwa hofu ya ugonjwa wa mtu mwingine.

*Paja.* Hili ni la kweli na linastahili heshima. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuzizuia seli zinazobomoa mfupa. Mfupa haukai kama jiwe; kila siku kuna seli zinazobomoa palipochakaa na nyingine zinazojenga upya. Baada ya hedhi kukoma, homoni ya estrojeni hupungua na wabomoaji huwashinda wajenzi. Dawa inawashika mkono wabomoaji. Wakishikwa miaka mingi mno, nyufa ndogo ndogo za mfupa wa paja zinaweza kukosa kukarabatiwa, na mfupa ukavunjika bila kishindo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia karibu wanawake 200,000 wa California. Kwa kila wanawake 10,000 wenye asili ya Ulaya waliotibiwa miaka 3, nyonga 149 ziliokolewa, na mapaja 2 yalivunjika kwa namna hiyo. Kwa wenye asili ya Asia, nyonga 91 ziliokolewa na mapaja 8 yakavunjika. Hatari hupanda kadiri miaka inavyokwenda na hushuka upesi dawa ikisimamishwa. Mara nyingi paja hutoa taarifa kwanza: maumivu mazito ya paja au kinena yanayodumu wiki kadhaa bila kuumia. Ukiyasikia, nenda upigwe picha ya mapaja yote mawili.

*Homa baada ya dripu.* Takriban theluthi moja ya watu hupata homa, kuumwa mwili na uchovu baada ya dripu ya kwanza ya asidi ya zoledroniki. Huanza ndani ya siku 3 na kwa kawaida huisha ndani ya siku 3 nyingine. Kunywa maji, muulize daktari kuhusu parasetamoli, usipange safari. Dripu ya pili huwa nyepesi.

*"Milele."* Bisifosfoneti hujibanza ndani ya mfupa na kuendelea kufanya kazi hata baada ya kuacha. Kwa hiyo baada ya takriban miaka 5 ya vidonge, au 3 ya dripu, daktari anatakiwa kukupima upya; mwenye hatari ndogo anaweza kupumzika. Mwenye hatari kubwa huendelea au hubadilishiwa.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu dawa hii, na njia ya kutoka

Zaidi ya vidonge na dripu ya mara moja kwa mwaka, ipo sindano ya denosumabu, kila miezi 6. Inafaa kwa wengi ambao tumbo halitaki vidonge. Lakini kabla ya sindano ya kwanza ujue jambo hili, na ningependa liandikwe kwa herufi kubwa: sindano hii haiachwi ghafla wala haicheleweshwi. Athari yake ikiisha mfupa hupungua kwa kasi, na wapo waliovunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Atakayeacha lazima apokelewe na dawa nyingine. Ikiwa huna hakika ya kuipata kila miezi 6, chagua kitu kingine. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo naye awe na tahadhari maalumu, kwa sababu kalisi (kalsiamu) ya damu inaweza kushuka kwa hatari.

Kwa waliovunjika vibaya zipo dawa zinazojenga mfupa, kama teriparataidi, sindano ya kila siku, na romosozumabu, sindano za kila mwezi kwa mwaka mmoja. Hii ya mwisho haipewi aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita. Dawa nyingine, raloksifeni, hulinda pingili na kupunguza hatari ya saratani ya matiti, ila haijaonyesha kuilinda nyonga, na huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa.

Na kalisi na vitamini D, mazoezi, chakula bora? Vyote fanya, utumie dawa au usitumie. Lakini ukiambiwa vinatosha mahali pa dawa, kumbuka kwamba katika majaribio makubwa ya dawa hizi, walionyimwa dawa nao walipewa kalisi na vitamini D. Ile tofauti ya kuvunjika ilitokea juu ya hivyo.

Hatua ya 6: Safisha njia kabla ya kuanza

Nenda kwa daktari wa meno. Jino la kung'olewa ling'olewe sasa, kidonda kipone, ndipo uanze. Pimwa figo, kalisi na vitamini D. Upungufu utibiwe kwanza. Basi.

Hatua ya 7: Amua, na uandike tarehe

Nitasema ninavyoona. Ikiwa umeshavunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo, au hesabu yako ya miaka 10 iko juu, sioni hoja nzuri ya kungoja, isipokuwa kutafuta dawa inayokufaa zaidi. Ikiwa namba zako ziko mpakani, hujawahi kuvunjika na umri bado, kungoja ni uamuzi halali kabisa. Lakini kungoja kuwe na tarehe: lini utarudia kipimo, na ni jambo gani likitokea utabadili mawazo. Andika mawili hayo na umpe nakala mtu wa nyumbani. Na nyumba nayo itengenezwe: taa ya usiku kati ya kitanda na choo, mkeka unaoteleza uondolewe, macho yapimwe, dawa za usingizi zizungumzwe.

Ukiamua kuanza vidonge vya kila wiki, chagua siku moja na uishike. Uamkapo, kabla ya chai, kabla ya kitu chochote, meza kidonge kizima kwa glasi kubwa ya maji matupu. Maziwa, kahawa na juisi huzuia dawa isiingie mwilini. Usikitafune wala kukimung'unya. Kisha nusu saa nzima usilale, usiiname kuokota kitu, usile. Vidonge vya kalisi visubiri baadaye mchana.

Ukisikia maumivu ya kumeza au kifua kuwaka kwa mara ya kwanza, simamisha na umpigie daktari. Ganzi kuzunguka mdomo, mikono kukaza, kidonda cha fizi kisichopona, au lile paja: hivyo hivyo. Simu ya daktari iandikwe juu ya boksi.

Asubuhi yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili. Nilisimama dirishani na glasi tupu mkononi, naitazama saa ya ukutani, nikisikiliza kila kitu kooni. Ilipofika nusu saa nilikunywa chai. Juu ya boksi, kwa kalamu nyeusi, nilikuwa nimeandika tarehe ya kurudi kupimwa, na chini yake jina la mwanangu, ambaye nilimwomba aniulize kuhusu paja kila mwanzo wa mwezi.